Pungufu Kipande

Mkataba wangu ni wa siku arobaini:
chumba kimoja nyuma ya ofisi ya hifadhi, Pugu,
kitanda cha futi tatu na nusu, ndoo mbili,
na sharti: nikiondoka niache picha sita
za kutundikwa ukumbini.

Hapa bado ni Dar es Salaam.
Usiku nikipanda hadi kwenye mnara wa simu
naiona Gongo la Mboto inavyochemka taa,
ndege zinashuka moja moja,
na mgongoni kwangu komba analia
kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mama hupiga kila jioni kutoka Tandika.
"Umekula? Na hao wanyama?"
Wanyama gani, mama. Nimemwona paa, tena makalio tu.
"Na kweli wanakulipa kwa kuchora miti?"
Wananilipa.
"Haya. Miti yenyewe inajua?"

Kijani cha hapa hakimo kwenye boksi langu.
Nimechanganya bluu na manjano, nimetia tone la chai,
bado kinatoka kijani cha mlango wa zahanati.
Nyeupe ndiyo niliyoipata: mgodi wa zamani wa kaolini,
ndani kabisa, popo wanakoning'inia.
Nilikwangua ukuta, nikajaza kopo la maziwa.
Afande Nsajigwa akalitazama kopo.
"Hilo nalo ni la hifadhi."
Nitalirudisha, nikasema. Likiwa picha.
Hakucheka. Ila hakulichukua.

Wiki ya tatu nyeusi ikaniishia.
Usiku ule ule afande akarudi na doria,
tochi kichwani, magunia saba ya mkaa,
na kijana mmoja wa Chanika, Kondo,
viatu kavishika mkononi kama anaingia msikitini.
Gunia la mwisho lilikuwa limepasuka.
Kipande kikabingirika hadi kizingitini kwangu.
Nikakikanyaga.
Sikusema neno.

Asubuhi nikakijaribu kwenye karatasi:
laini, kinateleza, kinaacha vumbi
jepesi kama poda ya mtoto.
Kondo alikuwa kwenye benchi akisubiri gari la polisi.
Mti gani huu? nikamuuliza.
"Mkongo. Unashika moto polepole, haulipuki.
Mama ntilie wanaupenda."

Basi nikachora mkongo.
Akasimama nyuma yangu, pingu zikilia kidogo.
"Hilo tawi siyo hivyo. Liliinamia upande wa reli."
Nikalifuta kwa kidole, nikaliinamisha.
"Shina liwe nene zaidi. Mikono yangu haikukutana."
Nikalinenepesha.
"Hapo palikuwa na nyuki."
Akanyamaza, kisha:
"Niliwahamisha kwanza."
Alilisema kwa sauti ya mtu
anayejaribu sentensi kabla ya kwenda nayo mahakamani.

Siku ishirini nimekaa humu natazama miti.
Huo sikuwahi kuuona.
Nilichora hadi jua likanifikia magotini,
yeye akiniambia kila jani lilikoelekea,
mimi nikimwamini.

Gari likaja. Afande akahesabu, akaandika: saba.
Akaingia ndani kuchukua muhuri,
akautazama ukuta, akavitazama vidole vyangu.
Nikavificha, nimechelewa.
Akatoka. Nikaisikia kalamu yake
ikiongeza kitu mbele ya saba.
Baadaye nilisoma nakala:
*magunia saba, pungufu kipande.*

Kondo alipanda nyuma. Hakunipungia mkono,
ungewezaje, na miwili ilikuwa pamoja.

Jioni simu ikaita.
"Leo umechora nini?"
Mti, mama. Mkubwa. Umeinama kidogo.
"Upo karibu na hapo ulipo?"
Nikatazama karatasi, mashimo meupe ya udongo
nilikoacha mwanga upite.
Upo, nikasema.
"Subiri kidogo, mwanangu, usikate,
maharage haya hayajaiva na moto unataka kuzima."
Nikasikia mkaa ukimiminwa jikoni,
kisha kipepeo,
pu, pu, pu,
na mama akikohoa.